Mama Karatasi Asomewa Karatasi

Walimwita Mama Karatasi, naye hakuwa na kinyongo. Alikuwa mtu wa mapokezi katika zahanati ya daktari mmoja kwa miaka kumi na tisa, na tangu ilipokuja sheria mpya, kazi yake kubwa ilikuwa kuwasomea wagonjwa karatasi ya kijani kabla hawajatumwa kwingine kupigwa picha za ndani ya mwili. Karatasi ilisema hivi: daktari wako ana hisa katika kituo anachokutuma, kituo kikipata faida, naye anapata, una haki ya kwenda pengine, na matibabu yako hapa hayatabadilika.

Sheria ilikuwa nzuri. Kilichoiponza ni adabu za watu. Fundi cherehani mmoja, mzee wa makamo, alisikiliza hadi nukta ya mwisho, akainuka, akampa daktari mkono.

"Hongera, daktari! Kumbe na kule ni kwako? Mungu akuzidishie."

Akatia sahihi, akaenda kule kule. Miaka mitano, wote wakawa hivyo. Nani awe na uso wa kumkatalia mtu aliyetoka kumsikiliza moyo sasa hivi?

Mama Karatasi aliwafokea pale benchini. "Jamani, hiyo ni sheria, si kadi ya harusi! Hospitali kuu nako wana mashine. Chagueni!" Wakacheka, wakamwambia ana maneno huyu mama.

Basi zamu yake ikafika. Uvimbe shingoni, upande wa kushoto, si mkubwa. Aliuficha kwa mtandio miezi miwili, mpaka siku alipoinama kuokota kalamu na daktari akauona. Daktari aliuminyaminya taratibu, akaandika barua ya kumpeleka kwenye picha. Kisha akaitoa karatasi ya kijani mwenyewe, maana msomaji ndiye alikuwa mgonjwa.

"Dada, inabidi nikusomee."

"Naijua yote kichwani, daktari."

"Sheria ni sheria."

Akasoma, na alisoma vibaya, akirukaruka mistari, hadi Mama Karatasi akamsahihisha mara mbili. Walipofika pale pa kuchagua, kalamu ikamkwama Mama Karatasi mkononi.

Alitaka kwenda hospitali kuu. Kule yupo bingwa wa koo na shingo, anayeitazama picha siku hiyohiyo. Kwenye kituo cha daktari wake picha hutumwa mbali kusomwa, majibu yakangojwa wiki nzima. Alilijua hilo vizuri, kwani ndiye aliyekuwa akipokea lawama za wanaongoja. Lakini huyu ndiye daktari aliyemuuguza mama yake hadi pumzi ya mwisho, akaja na mazikoni. Aliuogopa ule uvimbe, na, aibu iliyoje, aliogopa zaidi kumuudhi.

"Daktari," alisema, "mimi niende hospitali kuu."

Angeweza kuyameza maneno yake angeyameza, ila maji yakimwagika hayazoleki. Daktari alivua miwani, akaiweka mezani.

"Ahsante, dada."

"Ya nini tena?"

"Miaka yote hii hakuna aliyeniambia la. Hata mmoja." Akaigeuza ile barua ili aione. "Tazama. Nimeandika jina la kituo changu kabla hata sijaifikiria shingo yako. Wewe! Wewe ambaye ningekupeleka popote duniani."

Macho yalikuwa yamemlowa, na hakujaribu kuyaficha. Mama Karatasi naye akajikuta analia, kwa hofu aliyoibana miezi miwili na kwa huruma juu ya mtu huyu mzima aliyejifumania mwenyewe. Daktari akaichana barua, akavuta karatasi nyingine, akaanza upya.

Mama Karatasi alijifuta kwa ncha ya mtandio, akasogeza kiti karibu.

"Andika polepole," alimwambia. "Kule hawaujui mwandiko wako kama mimi."