Januari Niliyokwenda Kujishtaki

Binti yangu alishonewa sketi ya shule mara moja, akaandaliwa kwenda shule mara tatu. Kila Januari iliyofuata nilifumua upindo na kuupiga pasi ya mkaa, na pale ulipokuwa umekunjwa pakabaki mstari wa bluu iliyokoza. Mwaka wa tatu upindo ulikwisha. Uvumilivu nao ukaisha, ingawa mama mkwe husema sikuwahi kuwa nao.

Kilichomzuia ni sikio. Watoto wengi huku kwetu mlimani walizaliwa nyumbani, hawana vyeti, kwa hiyo shule ilipima umri kwa mkono. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya utosi ashike sikio la kushoto. Akilishika ana miaka saba, anaandikwa. Asipolishika, arudi nyumbani akaendelee kunywa mtori, supu yetu ya ndizi.

Wangu alivutwa vibaya siku ya kuzaliwa, mkono wake wa kulia ukabaki unaning'inia. Alipokuwa na miaka saba haukufika. Alipokuwa na minane akatumia wa kushoto, akalikamata sikio la kulia barabara, na mwalimu mkuu akasema wa kushoto hauhesabiwi. "Mwakani, mama," akaniambia, kana kwamba ule mkono ni mkungu wa ndizi unaosubiri kukomaa. Kadi ya kliniki yenye tarehe yake ya kuzaliwa hata hakuishika.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 niliijua. Ilitungwa nikiwa mtoto. Kila mwaka mtendaji wa kijiji alipita na mgambo akiwafuata kwa sheria hiyo wazazi wanaowaficha watoto wachunge mbuzi. Mtoto akitimiza miaka saba lazima aandikishwe, na mzazi anayemzuia ana kosa. Mlemavu sikusikia akitajwa popote. Watu wakasema, unaona, hayumo. Nikasema kama hawakumtoa, yumo.

Basi Januari ile ya tatu nikamvalisha sketi, nikaenda naye ofisi ya kijiji. Mtendaji alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo."

"Marahaba. Una shida gani, mama?"

"Nimekuja kukamatwa."

Akaweka kikombe mezani taratibu. "Umempiga mumeo?"

"Bado. Nina mtoto wa miaka tisa hajaandikishwa shule."

"Wewe si ndiye yule mkwe aliyesoma sekondari?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Wengine unawafuata na mgambo."

"Na huyo mtoto yuko wapi?"

"Huyo nyuma yako, anakusomea ukuta."

Kweli, binti yangu alikuwa amesimama mbele ya tangazo lililobandikwa pale, anasoma kwa kukata silabi: ma-hu-dhu-ri-o. Nilimfundisha mwenyewe jikoni, kwa mkaa, kwenye ubao wa kukatia nyama. Mtendaji akageuka kumtazama, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameshaelewa na hapendi alichoelewa.

"Nikikushtaki, hakimu atauliza nani alimzuia mtoto."

"Nami nitamjibu."

"Mwalimu mkuu ni shemeji yangu."

"Basi tutakwenda mahakamani kifamilia."

Akacheka, maskini, akachukua kofia yake. Tukapandisha shuleni wote watatu, yeye akihema na kunung'unika kwamba kahawa imeshuka bei, watu wameng'oa mibuni wakapanda nyanya, na sasa kina mama wanajileta wenyewe kukamatwa.

Tulikuta watoto wamepangwa kwenye nyasi, mikono juu ya vichwa kama mateka. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, nisimsingizie, ila utaratibu aliupenda kuliko watoto.

"Shemeji, kadi ya mtoto inasema miaka tisa," mtendaji akaanza.

"Kadi zinadanganya. Wazazi wanabadilisha tarehe. Mkono haudanganyi."

Nilikuwa nimefungua kinywa, na yale niliyotaka kusema yasingetusaidia. Binti yangu akanivuta kanga.

"Mama, yule ameandikwa."

Alikuwa anamwonyesha kitoto cha kike cha jirani yetu, kimetoka mwanzo wa mstari kinatabasamu.

"Nani?" mwalimu akauliza.

"Yule, mwalimu. Nilikuwa nambembeleza akiwa mchanga. Nilimfundisha kutembea."

"Mkono wake umefika. Nimeona mwenyewe."

"Analaza kichwa," binti yangu akasema, na akaonyesha: kichwa upande, shingo imekunjwa kama kuku anayesikiliza. "Wote wanalaza kichwa, mwalimu. Waliofika na wasiofika."

Mstari mzima ukanyoosha vichwa kwa mpigo. Mikono kadhaa ikaacha kufika sikioni palepale. Mtendaji akageukia migomba, mabega yanatikisika. Mwalimu mkuu akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na alipoivaa tena akamwita kile kitoto, akakiinamia na kukiuliza kina miaka mingapi.

"Mitano," kikasema, kwa fahari.

Mwalimu akanyoosha mkono wake kwangu. "Lete hiyo kadi, mama."

Akamwandika pale nyasini, daftari kwenye goti. Akaniambia nishukuru. Sikushukuru. Nilimwambia ana deni la madarasa mawili kwa mtoto wangu, na mtendaji akanisihi nifunge mdomo tukiwa bado tunashinda.

Siku hizi nasikia mjini kuna semina za elimu jumuishi, na washiriki wanakunywa soda. Vizuri. Wakinialika nitakwenda, na nitauliza kama wameshaacha kupima masikio.

Jioni ile mama mkwe alipoambiwa nilikokuwa alishika kiuno. "Umekwenda kujishtaki mwenyewe? Aika mae," akasema, ile asante yetu ya Kichagga, na sikujua kama ananishukuru au ananisimanga. Kisha akamwita mjukuu wake, akaitazama sketi ile ilivyopanda juu ya magoti na mistari yake miwili ya bluu. Akaenda chumbani, akarudi na kitambaa cha gauni lake la kanisani, akakaa kibarazani kuiongezea upindo.