Siku Mlango wa Gereji Ulipokataa

Keti kidogo, mwanangu. Nakumbuka alasiri moja ya mvua, miaka ile ya tisini, nilipokuwa bado bibi arusi mgeni katika boma hili. Nilikuwa nimetoka Chekalini, kwa wakulima wa mahindi, nikaolewa hapa pembeni mwa mji wa Kakamega, na bado nilikuwa nikijifunza sufuria ipi ni ya chai na ipi ni ya maziwa. Mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Mimi nilikuwa na masikio pia, na siku ile hayakunifaa kitu.

Baba mkwe wangu, Mzee Lutomia, alikuwa amestaafu udereva. Alikuwa mtu wa maneno machache na kifua kibovu. Baridi ikizidi, au vumbi likizidi, alikohoa mpaka akashika ukuta. Kando ya nyumba alikuwa amejijengea gereji ya matofali, haina dirisha, ila matundu madogo ya hewa upande wa nyuma. Mlango wake ulikuwa wa bati zito, umening'inia kwenye reli ya chuma juu, na ulifunguliwa kwa kusukumwa kando, ukitembea kwa magurudumu yake madogo. Humo ndani lilikaa gari lake kuukuu la rangi ya krimu, ambalo mimi sikuwahi kusikia likinguruma. Lakini kila siku baada ya chakula cha mchana Mzee aliingia humo, akavuta mlango nyuma yake, akakaa mpaka saa ya chai. Alichokuwa akifanya hatukukijua, na hakuna aliyeuliza.

Mume wangu Makokha, mwanawe wa kwanza, alikuwa amepunguzwa kazini mwaka ule, kama vijana wengi. Alirudi nyumbani na mipango mingi. Asubuhi ya siku hiyo, tukinywa chai, akamwambia baba yake kwamba gereji ingefaa sana kuwa duka la unga na sukari, maana iko karibu na barabara. Mzee akasema gereji ni ya gari. Hapo Makokha akateleza. Wahenga walituonya kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ulimi hauna mfupa, mwanangu, na kijana asiye na kazi huwa na ulimi mwepesi zaidi.

"Gari lenyewe halitembei, Baba," akasema. "Limekaa humo kama maiti kaburini."

Mzee akaweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akatoka. Mama mkwe akatazama kile kikombe kwa muda mrefu. Mimi nikaanza kukusanya vyombo ambavyo havikuwa vimemaliza kutumika.

Mchana Mzee alikula peke yake, kisha akaingia gerejini kama kawaida. Nilisikia mlango ukivutwa kwa nguvu kuliko siku zote. Ukapiga mshindo, halafu kimya. Sikuwaza jambo. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka upande wa msitu, na nilikimbilia nguo kwenye kamba.

Wewe unaijua mvua ya Kakamega. Haiji kwa kuomba ruhusa. Siku ile ilikuja na mawe, na chini ya mabati hata aliyekaa ubavuni mwako ungemwona midomo tu. Saa ya chai ilipofika Mzee hajatoka, Mama akachukua mwavuli akaenda kumwita. Nilimwona kutoka jikoni akishika ule mlango na kuutikisa. Haukusogea. Akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akarudi, mabega yameloa.

"Amejifungia," akatuambia. "Nimeita, akanijibu, 'Niacheni!' Huyu akikasirikanga hivi, ni kumwacha tu."

Basi tukamwacha. Lakini ilikuwa kumwacha kwa namna gani, sijui. Tulikaa sebuleni kila mtu akitazama mlango wa nyumba. Baada ya muda tukasikia chuma kikigongwa kule gerejini, go, go, go, kikanyamaza, kikagonga tena. Mama akasema anatengeneza gari. Makokha akasema la, hizo ni hasira, anagonga ili sisi tusikie. Mimi nilisikia kama mtu anayebisha hodi, lakini nani angebisha hodi kutoka ndani? Nikajiambia ni ujinga wa mgeni. Wao ndio waliomjua. Nikanyamaza.

Nikwambie jambo moja hapa. Kwetu, mke wa mwana hazungumzi ovyo na baba mkwe. Hampi mkono, hamkaribii, humtengea chakula na kuondoka. Kwa hiyo hata nilipotaka kwenda kusikiliza mwenyewe, miguu ilikataa. Ningesimama nje ya mlango wake nimwambie nini, mimi ambaye sijawahi kumwambia zaidi ya "karibu chai, Baba"?

Makokha akainuka ghafla, akatoka kwenye mvua bila kofia. Nikamfuata na mwavuli, nikasimama hatua chache nyuma yake. Aliweka viganja viwili juu ya bati la mlango. Alidhani yuko peke yake. Alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena, "Baba, nimekosa. Sikukusudia neno lile. Toka, tafadhali." Mvua ikayameza maneno yote. Kutoka ndani ikaja sauti nzito, iliyokatikakatika, na mwisho wake mimi pia nilisikia kama "...acheni!" Makokha akaondoa mikono. Uso wake, mwanangu, ulikuwa wa mtoto aliyefukuzwa. Akageuka akaniona, akapita kando yangu, akaingia ndani.

"Akitaka kukaa humo, akae," akamwambia mama yake.

Mimi nilibaki nje. Sikujua niende wapi. Nikazunguka nyuma ya gereji, kisingizio changu kikiwa kutazama kama maji yanaingia kwenye kuni. Pale kwenye matundu ya hewa nikasikia kikohozi. Si kikohozi cha mtu mwenye hasira. Kilikuwa kile cha kushika ukuta, chenye mluzi ndani yake, na kilikuwa hakikomi.

Nikajiuliza. Kama amejifungia kwa hiari, mbona asitoke akohoe mahali penye hewa? Na kama hakujifungia, mbona anatufukuza? Nikamwita mara moja, "Baba," kwa sauti ndogo ya adabu, na mvua ikanicheka. Nikaacha mwavuli palepale nikakimbia.

Nilikimbilia kwa Senge Mmbone. Senge ndiye shangazi, dada ya baba, na kwetu neno lake lina uzito ambao hata wanaume huinamia. Alikuwa dada mkubwa wa Mzee, aliishi ng'ambo ya mfereji, nyuma ya shamba la miwa. Nilimkuta akichambua mboga. Nilimweleza mambo yote kwa mchanganyiko, ya chai, ya duka, ya kaburi, ya kikohozi, na sidhani hadithi yangu ilikuwa na kichwa wala miguu. Hakuniuliza kitu. Alijifunika gunia kichwani tukaondoka.

Tulipofika, mvua ilikuwa imepungua kidogo. Mama na Makokha wakatoka kutupokea, na kila mmoja akaanza kumweleza Senge kilichokuwa moyoni mwa Mzee. Mama akasema ana uchungu wa kustaafu. Makokha akasema anataka kuwaaibisha mbele ya majirani. Senge akawapita wote wawili. Akaenda nyuma kwenye yale matundu, akaweka mdomo pale kama mtu anayepuliza moto, akauliza kwa utaratibu:

"Lutomia. Ni mlango umekataa, ama ni wewe umekataa?"

Kikohozi. Kisha sauti yake, safari hii wazi kabisa:

"Ni mlango! Nimewaambia tangu saa ile, inueni! Inueni!"

Inueni. Mwanangu, tulitazamana pale kwenye tope kama watu walioamshwa usingizini. Gurudumu lilikuwa limeruka kutoka kwenye reli alipouvuta ule mlango kwa nguvu, bati likainama na kujibana kwenye fremu, na kwa muda wote ule mzee wa watu alikuwa akituomba tuuinue. Sisi, kwa kuwa tulikuwa tumeshaamua amekasirika, tulisikia "niacheni."

Makokha aling'oa mti mmoja wa uzio, akauchomeka chini ya mlango, akainua. Mimi na Mama tukasukuma kwa mabega. Mlango ukalia, ukarudi kwenye reli, ukafunguka nusu, na Mzee akatoka kwa ubavu, ametota jasho, grisi mpaka kwenye nyusi, spana mkononi, midomo imebadilika rangi. Alikaa juu ya jiwe akatafuta pumzi. Sote tulisimama. Alipoipata, alimtazama mwanawe na kumwuliza jambo ambalo hatukulitegemea.

"Kwa nini mlikataa kunifungulia?"

"Sisi?" Makokha akasema. "Si wewe ndiye uliyejifungia?"

Mzee akamtazama mkewe, akatazama mlango, akamtazama tena mwanawe. Kumbe alisikia mlango ukitikiswa na Mama, akasikia nyayo zikiondoka, akafikiri tumemsikia na tumekataa kumfungulia. Akakumbuka neno la asubuhi, akajiambia, basi wameamua hili liwe kaburi kweli. Yeye ndani alitusoma sisi, sisi nje tulimsoma yeye, na sote hatukujua kusoma.

Hapo Senge Mmbone ndipo alipotukemea, na hakupaza sauti. Alisema, "Mlikuwa watu watatu nje na mmoja ndani, na kila mmoja alikuwa na jibu. Nimeuliza mimi swali moja tu. Hilo swali lilikuwa limefichwa wapi?" Kisha akaniagiza nikachemshe maji ya mvuke kwa ajili ya kifua cha ndugu yake, na mambo ya siku yakaishia hapo.

Ungependa kusikia kwamba baba na mwana walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Duka halikufunguliwa gerejini; Makokha alijenga kibanda karibu na lango, na Mzee akampa mbao bila kuombwa. Lakini ile samahani iliyomezwa na mvua haikurudiwa, na mimi nilibaki nayo kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe asijue amrudishie nani. Je, ni haki yangu kuisema? Nikiisema nitamwaibisha mume wangu? Nilizunguka nayo kwa miezi. Mwishowe, siku moja nikimtengea Mzee chai, nilisema nikitazama chini, "Baba, siku ile ya mvua, Makokha aliomba msamaha mlangoni. Hukusikia."

Mzee akasogeza kikombe kando, nikafikiri nimevunja mila bure. Kisha akasema, "Hata mimi nilikuwa nikizungumza naye wakati huo." Alilokuwa akisema hakuniambia. Lakini jioni ile nilimwona akienda kule kibandani, akaketi kwenye kreti karibu na mwanawe mpaka wakafunga duka pamoja.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu, kwa sababu nawe umeingia katika nyumba ya watu na utakutana na milango. Mtu akinyamaza, usikimbilie kusema amenuna. Akichelewa, usiseme amekudharau. Maneno yake yakikufikia nusu, usijazie nusu iliyobaki kwa hofu yako, maana hofu haijawahi kumtafsiria mtu vizuri. Kuuliza si ujinga. Uliza kwa upole, tena uliza ukiwa umesogea karibu, si kutoka sebuleni. Na ukiwa mgeni, na masikio yako yamesikia jambo ambalo wenyeji hawakulisikia, usiyadharau masikio yako kwa sababu ya ugeni. Adabu ni nzuri, lakini adabu inayomwacha mtu akikohoa gizani si adabu tena. Na samahani ukiitoa, hakikisha imefika. Isipofika, irudie.

Nenda salama kwako. Mungu akupe nyumba ambamo watu husikiana hata mvua ikinyesha, akupe wa kukuuliza siku utakapokwama, na akupe nguvu za kuwainulia wengine mlango. Amina.