Kipimo cha Kichwa cha Tonton

Juzi mujukuu wangu alileta uzi uliopakwa nta. Harufu yake ikanirudisha Kampala, tulikoenda likizo kutoka Kisangani, miaka ile ya uasi.

Mama alipenda kudarizi kofia. Kule, katika duka la nyuzi, alishika kamba yenye fundo, kipimo cha kichwa cha tonton, mudogo wake aliyebaki kulinda nyumba.

"Kichwa yake inakula uzi mingi," mama alicheka. "Kijani ama dhahabu?"

"Chagua polepole, mama Zena," papa alijibu. "Hatuna haraka."

Papa huyo hakuwa anangoja hata chai ipoe. Nilifikiri likizo imemufundisha subira. Kumbe asubuhi ileile alipata habari: tonton ameuawa.

Mama aliambiwa jioni. Kofia aliimaliza hata hivyo, kwa kipimo kilekile.