Aliyetengeneza Gari Namba Nne

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi na malori yao, nilikuwa darasa la sita. Kabla ya hapo pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na maduka ya mjini yalikuwa na chumvi, viberiti na mwenye duka anayesinzia. Mara yakajaa redio, mitumba na sabuni za kunukia. Sisi watoto hayo hayakutuhusu sana. Tulichokitaka ni beringi chakavu ambazo mafundi wa malori walizitupa nyuma ya gereji.

Beringi ndizo zilizotupa vigari. Ubao wa kukalia mtu mmoja, ekseli mbili za mti, kamba ya kukatia kona, basi. Tulishuka navyo mteremko wa kutoka tangi la maji hadi kwenye ghala la pamba, tukichubuka magoti kila siku. Tajiri mmoja wa duka la vipuri, mtu wa Tanga aliyehamia kwetu, alituona akafurahi. Akatangaza mashindano ya Jumamosi sita mfululizo, msimu mzima wa kuuza pamba. Kila kigari kilipewa namba, na alama ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao ukutani mwa duka lake. Alisema washindane wavulana tu, kwa sababu hakutaka kugombana na mama za watu.

Nyumbani kwetu alikuwa anaishi dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyetoka Migato kuja kumalizia shule mjini. Alinizidi mwaka mmoja. Hakuwa msemaji. Kwao alikuwa mtoto wa kwanza, na baba yake alikuwa amemzoesha kufungua na kufunga plau, kuchonga mpini, kuziba pancha ya baiskeli. Alipoona kigari changu kikizama kwenye changarawe, alikizunguka mara mbili akasema beringi tupu haziwezi kukimbia kwenye barabara ya udongo.

Alikifumua chote. Alichonga magurudumu ya mbao, akazipachika beringi katikati, akayavisha ukanda wa tairi kuukuu aliougongelea misumari midogo. Breki ilikuwa kijiti chenye kipande cha kandambili. Kazi hiyo ilimchukua wiki nzima, jioni baada ya kuteka maji. Mimi nilimshikia mbao. Hicho ndicho nilichofanya.

Tukapewa namba nne. Jumamosi ya kwanza niliwaacha wenzangu mbali, na ya pili, na ya tatu. Ya nne nilijiona najua. Dada alinikataza nisipake grisi, kwamba itakamata mchanga. Nikaomba grisi gereji, nikapaka nyingi. Katikati ya mteremko gurudumu la nyuma lilikwama, nikamaliza wa mwisho. Niliwaambia wenzangu kigari kimetengenezwa vibaya. Yeye alikuwa karibu na alisikia. Kesho yake, baada ya misa, aliziosha beringi kwa mafuta ya taa, moja moja, bila kunisema.

Jumamosi ya tano nikashinda. Ya sita watu walikuja wengi, hata wakulima walioleta pamba waliyaacha mafurushi yao kwenye foleni ya mizani wakaja kutazama. Nikashinda tena. Tajiri alinyanyua mkono wangu, kisha akainama akaligeuza lile gari juu chini, akayakagua magurudumu. Alisema ana ndugu yake Mwanza mwenye karakana ya kutengeneza mikokoteni na plau. Yeyote aliyelitengeneza gari hili angempeleka huko likizo, na akionekana anafaa, angechukuliwa kujifunza ufundi moja kwa moja akimaliza darasa la saba.

"Nani katengeneza?" akauliza.

Dada alikuwa amesimama na mama yangu, ameshika jagi la maji aliyoniletea.

"Mimi," nikasema.

Watu walipiga makofi. Baba alichinja kuku. Dada ndiye aliyemnyonyoa. Baba alipomwambia, "Umemwona mdogo wako?" alijibu, "Nimemwona, baba." Nilikula nikisubiri aseme. Hakusema, na mimi nikaamua kwamba hakujali.

Karakanani Mwanza nilikaa siku tisa. Fundi alikuwa mpole. Siku ya tatu alinipa patasi na kipande cha mti, akaniambia nipachike beringi kama nilivyopachika zangu. Nilipasua mti wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alinitazama mikono, akaniuliza kwa sauti ya chini, pasipo kusikika na wengine, kama kweli lile gari nililitengeneza mwenyewe. Nafasi ilikuwa ile. Angemwandikia tajiri, na wiki iliyofuata dada angekuwa pale. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, ila patasi yao ni butu.

Alinirudisha kwa lori la kubeba mbegu za pamba. Nyumbani nilisema karakana imefungwa kwa ukosefu wa umeme. Tajiri naye aliona mtoto wa Bariadi kamwaibisha kwa ndugu yake, na hakuandaa tena mashindano. Uongo wa kwanza niliusema mbele ya umati, na kwa miaka mingi nilijitetea kwamba niliropoka. Ule wa karakanani sina la kuutetea. Waliosikia tulikuwa watu wawili tu, na hakuna aliyenishangilia.

Dada hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alirudi Migato, akaolewa, akalima pamba. Mimi nilisoma, nikapata kazi ya ofisini.

Mama mkubwa alipofariki nilikwenda kumzika. Siku ya tatu ya msiba, watu walipoanza kupungua, nilimkuta dada amekaa nyuma ya nyumba anapumzika. Tulikuwa tumezeeka kidogo sote. Nikamwambia kwamba nataka kuzungumza habari za lile gari. Nilimweleza yote, mpaka ya Mwanza ambayo hakuyajua. Alisikiliza huku akiokota vijiti vya kuni vilivyokuwa karibu na mguu wake.

"Kusema ni wewe, hilo sikulishangaa," akasema. "Ulikuwa mtoto. Lakini uliniangalia kwanza. Alipouliza, uligeuka ukaniangalia, nikajua unanitaja. Nilikuwa nimeshampa mama jagi. Nilikuwa nimeanza kuja mbele."

Sikukumbuka kumwangalia. Nilijaribu kukumbuka pale pale, nikaona tajiri, nikaona magurudumu juu, uso wa dada sikuuona.

Nikamwomba anisamehe. Alisema watu waliotoka Shishiyu wanataka kuondoka na hawajaagwa, na si vizuri waondoke hivyo. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, nikamfuata, tukaenda kuwasindikiza.