Lenzi ya nyota iliyomnenepesha mama mkwe wangu

Wakuu, habari za jioni huko mliko. Sogezeni viti kidogo, nina kisa cha lenzi na cha ukwe, na vyote viwili vilinipata mimi mwenyewe mwaka huu. Sitaongeza chumvi, iliyokuwemo inatosha.

Naishi Kisii mjini, nafanya kazi kwenye duka la dawa. Kamera yangu niliinunua second-hand, zile za sensa ndogo, kile kibamba cha ndani kinachonasa mwanga, pamoja na lenzi ya kawaida iliyokuja nayo. Kazi yake ilikuwa picha za watoto wakikata keki.

Halafu siku moja nikaona kwenye simu picha ya Milky Way, ule mkanda mweupe wa nyota unaokata anga nzima. Mwenye picha akasema amepigia shambani kwao. Nikajiambia, hata sisi tuna mashamba.

Jaribio la kwanza nililifanya juu ya paa la ploti ninayokaa. Wakuu, nilipata picha nzuri sana ya petrol station. Nyota zilikuwa nne, na moja nilipoikuza nikakuta ni taa ya mnara wa simu.

Kwa hivyo nilikuwa na shida mbili. Mwanga wa mji, na lenzi.

Ya mwanga ilikuwa rahisi. Mke wangu, Kerubo, kwao ni Nyansiongo. Kule wana malisho mapana ya ng'ombe, hakuna taa ya barabarani, na giza lake ukinyoosha mkono huoni vidole. Baba mkwe alishasema nikaribie wakati wowote.

Ya lenzi ndiyo ilininyima usingizi.

Kwa wasiojua niwaeleze haraka. Nyota hazitulii. Ukiiacha kamera wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga, nyota zinavutika zinakuwa tambi. Lenzi ikiwa pana inakusamehe, unaweza kuiacha wazi hata sekunde ishirini na nyota zikabaki nukta. Kwa hivyo unatafuta milimita chache, na ile namba ya f iwe ndogo, 2.8 au chini yake, ili mwanga uingie wa kutosha. Basi. Mengine ni mbwembwe za wauzaji.

Tatizo ni kwamba vitu hivyo viwili vikikutana kwenye lenzi moja, bei inakuwa ya mtu mwingine.

Niliikuta moja mpya, milimita kumi, nyepesi, bei ya huruma kabisa. Lakini f yake inaanzia 4.5. Hiyo ni lenzi ya mchana, ya watu wanaopiga picha bedsitter za kupangisha ili zionekane kama ukumbi.

Kuna nyingine ya milimita 14, f 2.8, ya kuzungusha fokasi kwa mkono. Inasifiwa na wengi humu, na sibishi. Ila kwenye sensa ndogo kama yangu upana wake unapungua, inaona kama ya 21. Nikaona nitalia mara mbili, wakati wa kulipa na wakati wa kupiga.

Hapo ndipo nikasikia kuhusu Moraa, mpiga picha wa harusi hapa mjini, anauza ya milimita 11 hadi 16, f 2.8. Imetumika, imechubuka ubavuni, lakini vioo ni visafi.

Nilimfuata saa ya magharibi makusudi. Lenzi ya nyota hukaguliwa pembeni, si katikati. Katikati kila lenzi ni malaika. Nikasimama kwenye balcony yake, nikaweka taa ya mlima wa ng'ambo kwenye pembe kabisa ya picha, nikapiga, nikakuza. Ikiwa taa imeota mabawa kama ndege, ujue na nyota zako zitakuwa hivyo. Hii ilitoa kamkia kadogo tu, na nilipobana tundu kidogo hadi f 3.2 kakakaribia kuisha. Nikafurahi kimoyomoyo, usoni nikabaki mkavu kama mnunuzi wa ndizi.

Nikamuuliza mbona anaiuza.

"Hii si ya watu," akasema. "Ni ya vitu vilivyo mbali. Ukimweka mtu pembeni, utamtafuta."

Nikacheka, nikalipa. Mimi na watu wapi? Mimi nilikuwa na nyota.

Sasa wakuu, wiki hiyo hiyo mama mkwe akastaafu.

Mama mkwe wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata mzee wake. Ni mwembamba, amenyooka, sauti ya chini, na akikohoa tu watu wazima wanaketi vizuri. Kukawa na shukrani nyumbani Jumapili, tenti, pilau, kanisa lake la Sabato limekuja na kwaya. Na Mwalimu alitaka kitu kimoja tu, picha ya familia yote, kubwa, ya kutundika sebuleni. Kazi ikapewa mkwe mwenye kamera.

Niliipenda heshima hiyo sana. Niko mwaka wa pili tu katika ile familia, bado napimwa.

Wengi wenu si wa huku, kwa hivyo niwape chinsoni kwa ufupi. Ni ile heshima yetu ya Kigusii yenye mipaka. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawabanani. Hampeani mkono, hamketi kiti kwa kiti, hulali nyumba yake, na ukiwa na neno unampitishia mtu. Si uadui. Ni kuheshimiana kwa mbali.

Nikapanga viti mbele ya nyumba, Mwalimu katikati. Uwanja ulikuwa mfupi, nyuma yangu kuna ua wa miti. Lenzi ya kawaida ilikuwa inakata shangazi wawili kila upande. Nikaivalisha kamera ile ya Moraa, wakaingia wote, na tangi la maji likaingia, na nusu ya zizi.

Nikiwa tayari kubonyeza, mzee akakataa. Picha ya familia bila mume wa Kerubo si picha. Niweke ile ya kujipiga yenyewe, nije niketi. Na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, jirani na Mwalimu.

Mwalimu alikiona kabla yangu. Akainuka polepole, akaenda kuketi mwisho kabisa wa mstari, mkono wa kushoto. Nami nisingeweza kukaa katikati kama bwana harusi, nikakimbilia mwisho wa kulia. Watu wakasogea. Heshima ikawa imetimia, na wawili tunaoheshimiana kuliko wote tukawa kwenye pembe mbili za milimita 11.

Mnaona inakoelekea.

Kwenye kale kaskrini kadogo kila mtu alikuwa anatabasamu. Nikaipeleka studio mjini, ikatoka kubwa, ikawekwa fremu, ikafungwa karatasi, shemeji yangu akaibeba. Mimi sikuikagua. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mwezi unakufa lini ili nikapige anga.

Simu ikaja jioni yake. Kerubo aliisikiliza hadi mwisho, halafu akanigeukia.

"Mama anauliza, huyo wa pembeni ni yeye ama ni tangi?"

Nikafungua faili kwenye kompyuta. Wakuu, katikati wote wako sawa. Kadiri unavyoenda pembeni watu wanavutwa kama unga wa chapati. Mwalimu, yule mwembamba, alikuwa na mabega ya mcheza rugby na shavu moja limekimbilia nje ya fremu. Mimi upande wa pili ni hivyo hivyo, lakini mimi nani ananiangalia?

Nilicheka dakika moja. Halafu Kerubo akaniambia kwamba mamake aliifungua mbele ya wanawake wa kanisa, na kwamba wao pia walicheka. Picha ya kustaafu kwake, aliyoisubiri maisha yote ya kazi. Ilikuwa sasa stoo, imegeuzwa ukutani, karibu na magunia ya mahindi.

Hapo nilisikia aibu ya kweli. Na ubaya ni kwamba sikuweza kupanda gari niende nikamwombe msamaha mwenyewe. Kwa chinsoni unatuma mtu. Nikamtuma Kerubo na maelezo marefu ya sayansi ya lenzi. Majibu yalirudi mafupi. Amesikia.

Nikairekebisha kwa programu, nikavuta pembe ndani, Mwalimu akarudi umbo lake. Kerubo akampelekea kwenye simu. Akasema hataki uso uliofanyiwa matengenezo.

Baba mkwe ndiye aliyetutoa kwenye aibu hiyo. Alinipigia akasema nije Jumapili nirudie, na watu wote wataitwa tena. Akaongeza kwamba nyota zangu nitazipiga baada ya hapo, si kabla.

Nikaenda na ile lenzi ya zamani niliyokuwa nimeidharau. Nilifungua geti la ule ua wa miti ili nipigie katikati yake, nikavuka barabara, nikasimama kwenye malisho ya jirani huku ndama wa watu ananinusa mfuko. Kwa umbali ule kila mtu anabaki na uso wake. Mwalimu nikaomba kupitia Kerubo aketi katikati, na kiti changu nikakipeleka mwisho tangu mwanzo, kati yetu shangazi watano na wajukuu wasiohesabika. Kisha nikaweka ya kujipiga yenyewe, nikatimua mbio kuvuka barabara na suti. Walinicheka, na safari hii walinicheka mimi. Niliona hata Mwalimu ameziba mdomo.

Usiku ulipoingia kulikuwa na mawingu. Tukala, mawingu. Tukanywa chai, yakaanza kupasuka. Nikatoka na tripodi, ile miguu mitatu ya kamera, kwenda malishoni, nikaivalisha lenzi soksi shingoni kwa sababu ya umande, baridi ya huku kwao Borabu si mchezo. Nikaitafuta nyota moja kali, nikaikuza kwenye skrini, nikazungusha fokasi hadi ikawa nukta. Nikabonyeza.

Sekunde ishirini. Ikatoka.

Wakuu, niliupata. Mkanda mzima, kutoka upande wa msitu hadi upande wa barabara, na nyota za pembeni zimetulia. Nilisimama pale peke yangu nimekodoa macho kwenye skrini.

Nikasikia geti la zizi. Kerubo alikuwa anakuja na tochi, na nyuma yake Mwalimu, amejifunga shuka la Kimasai. Wakasimama mbali. Mwalimu alitaka kuona hicho kitu kilinunuliwa kwa ajili ya nini.

Nikafanya inavyotakiwa. Nikaiacha kamera, nikarudi nyuma hadi kwenye seng'enge. Wao wakasogea, wakainama kwenye skrini. Mwalimu akaipitia picha pembe kwa pembe. Halafu akasema na binti yake kwa Kikwetu, lakini kwa sauti ya kunifikia:

"Muulize, nyota za pembeni mbona hazijanenepa? Ilikuwa mimi tu?"

Kerubo alicheka hadi tochi ikaanguka ikazimika. Mimi sikujua kama nimeruhusiwa kucheka. Nikacheka.

Kisha akasema anataka kupigwa hapo, na hizo nyota. Hakungoja kupangwa. Alitembea akaenda kusimama mbali, juu ya kale kamwinuko, katikati kabisa. Nikarudi kwenye kamera. Sasa ilibidi atulie sekunde zote ishirini asitikisike, na Kerubo alikuwa amepiga magoti anatafuta tochi kwenye nyasi. Hakukuwa na wa kumtuma.

Nikasema mwenyewe, "Mama, tafadhali usitikisike."

Akajibu kutoka gizani, "Nimefundisha darasa la kwanza. Wewe bonyeza."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyosemezana moja kwa moja.

Funzo kwa wanaotafuta lenzi ya nyota ya bei nafuu: second-hand ya 11 hadi 16 yenye f 2.8 inatosha kabisa kwa sensa ndogo, ikague pembeni kabla ya kulipa, na ukiwa unapiga watu, ivue. Na ukiambiwa na mwenye kuuza kwamba kitu si cha watu, msikilize.

Mwenye ile ya milimita 14 aje atuambie pembe zake zikoje. Na kama kuna mwingine aliyewahi kuharibu picha ya wakwe, aweke hapa tusicheke peke yetu.

Ile picha ya familia iliyorudiwa imetoka vizuri, iko kwenye korido. Sebuleni Mwalimu ametundika ya usiku. Anga yote, na chini kabisa mtu mweusi mdogo kama punje, huoni uso, huoni hata shuka. Kerubo ananiambia kila mgeni akiketi, mamake huinuka, huweka kidole kwenye kioo na kusema, "Huyu ni mimi. Mkwe wangu ndiye alinipiga."