Tabora hadi Bagamoyo na gari la marehemu Baba: Mama hakumpigia mtu simu

Wakuu, habari za saa hizi.

Naomba mnivumilie herufi. Mimi nimeishia darasa la saba na naandika polepole. Hii nilianza kuiandika kwenye karatasi, kwa mwandiko ambao hata mdogo wangu aliucheka, ndipo nikaihamishia kwenye simu kwa kidole kimoja. Neno likikaa vibaya lirukeni. Jambo lenyewe ni kweli, nilikuwepo.

Mbele za watu mimi siwezi kuongea. Wageni wakija nyumbani najificha jikoni. Humu hamnioni, kwa hiyo leo nasema.

Sisi ni wa Tabora mjini, Baba asili yake Goweko. Alikuwa dereva. Alifariki mwaka jana akamwacha Mama na mimi binti mkubwa, mapacha Kulwa na Doto, na Shija aliyewafuata. Akaacha na gari, lile lenye mlango wa kuvuta pembeni. Hilo ndilo lilikuwa likitulisha.

Mama ni wa kutoka Bukoba. Baba mwenyewe ndiye alimfundisha kuendesha, na leseni anayo. Lakini siku ya kumaliza matanga, Baba Mkubwa alisimama akasema gari atalichukua yeye.

"Shemeji, gari ni kitu cha mwanaume. Wewe utaliua kabla ya masika."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Mama akasema, "Mume wangu aliwaahidi watoto Bagamoyo. Nitawapeleka kwa gari hilo hilo na nitawarudisha. Likirudi zima, mtu asiniulize tena habari zake."

Baba Mkubwa akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Ila ukinipigia simu nije kukukokota njiani, funguo unanikabidhi hapo hapo."

Mama akajibu sawa, ukoo wote ukisikia.

Kwa wasiojua, Bagamoyo ndiko babu zetu Wanyamwezi walikokuwa wakipeleka mizigo kwa miguu, pembe za ndovu begani. Baba alipenda kuwaambia mapacha kwamba njia ile ina jasho la kwao.

Basi likizo ikafika, tukaondoka asubuhi. Mama usukani, mimi pembeni yake, watoto nyuma na chupa za asali za kuuza na kugawa. Pori la kwenda Itigi ni refu, wakuu. Doto aliuliza kama tumeshafika pwani kabla hata hatujatoka mkoani kwetu. Shija alitapika, akalala, akaamka, akatapika tena.

Manyoni tukapita salama. Mama akapiga honi. Najua honi ile alikuwa anampigia Baba Mkubwa.

Kabla ya kufika Bahi, mvuke ukaanza kutoka mbele. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka.

Mama hakupiga kelele. Alizima gari, akangoja lipoe, akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli alichokuwa amekibeba kwa kazi hiyo, akaufunga ule mpira mpaka ukakaza. Kilichobaki ni maji. Nikaenda kuleta dumu letu la akiba, nikalikuta tupu. Shija alikuwa ameyamaliza maji kwa kunawa matapishi, na siwezi kumlaumu.

Jua lilikuwa kali na nyumba zilikuwa mbali.

Ndipo akaja mzee mmoja anaswaga punda wawili, kila punda na madumu ya maji. Mama alifurahi kama kaona ndugu.

"Shikamoo, baba. Tunaomba maji kidogo ya gari."

Mzee hakuitikia shikamoo. "Mnatoka wapi?"

"Tabora."

"Wanyamwezi?"

"Ndiyo!" Shija akajibu kwa sauti kutoka ndani.

Uso wa mzee ukabadilika. "Wapagazi! Siku hizi mnabebwa? Maji ya Ugogo hayanywewi bure. Babu zenu walipita hapa hawakumaliza ushuru wa njia. Leteni nguo za ushuru huo. Hamna nguo, huyu anabaki kunichungia mbuzi."

Akamshika Kulwa mkono. Kulwa akamwangalia Mama.

Wakuu, Mama aliamini. Akatoa khanga mpya kwenye begi, akampa kwa mikono miwili.

Mzee akaigeuza. "Moja tu? Kwa kundi lote hili?" Akaanza kuondoka na punda, na Kulwa mkononi.

Mama akatoa simu. "Mwanangu ni bora kuliko gari. Nampigia Baba yenu Mkubwa aje na watu."

Nilikumbuka msiba wa Bibi kule Goweko. Wagogo ni watani wetu, na mmoja wao aliingia kaburini akalala chali, akasema bibi hazikwi mpaka apewe kuku. Watu wakawa wanalia huku wanacheka. Mama hakuyaona, alikuwa ndani na wafiwa, na kwao Bukoba hawana utani huo.

Nikajua ninachotakiwa kufanya. Na mimi ndiye mtu wa kujificha jikoni.

Nikashuka. Sikutoa shikamoo. Nikasema, sauti ikitoka nusu nusu:

"Wewe mla mlenda, mwachie mtoto! Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani na wakarudi. Nyie mlikuwa mmekaa hapa hapa mnangoja mlenda uive. Umeiva?"

Mama akashika kichwa. "Wewe! Unamtukana mzee wa watu?"

Mzee akasimama. Kisha akachuchumaa pale barabarani, akacheka mpaka fimbo ikamdondoka.

"Mtani wangu! Kumbe yumo mwenye ulimi! Nilidhani mmekufa wote."

Akamwachia Kulwa, akashusha dumu zima, akatusaidia kumimina. Doto akaanza kulia kwa nini yeye hakuchukuliwa. Khanga mzee akairudisha, ila asali alichukua chupa bila kuomba, akasema ni ya kupoza ulimi wangu.

Mama akarudisha simu begini. Hakuwa amepiga.

Tulilala Dodoma, tukabadilisha mpira, na kesho yake tukafika Bagamoyo. Watoto walionja bahari wakatema. Wakajaza maji yake chupa moja.

Tuliporudi, Baba Mkubwa alikuja kukagua. Akazunguka gari, akapiga teke tairi, akafungua boneti, akafunga. Akasema labda tuliishia Dodoma tukajificha.

Doto akamletea ile chupa. "Baba Mkubwa, onja maji ya safari."

Akapiga funda kubwa. Wakuu, alitema mpaka kwenye shati lake!

Mama akasema taratibu, "Pole, shemeji. Funguo ninazo mimi."

Mpaka leo gari linalala mlangoni kwetu, na Mama anabeba abiria wa Usoke. Wapo wanaoshuka wakiona dereva ni mwanamke. Washuke. Wengine wanapanda.

Nilichojifunza: ukikaa kimya, wenye sauti watagawana vyako. Ongea hata kama sauti inatoka nusu nusu.

Sasa niandikieni. Nasoma polepole lakini nitasoma zote. Na wewe mzee wa punda, kama una mjukuu humu, mwambie aniandikie: ule mlenda umeiva au bado?