Mwenyewe wa Kidoti

Mtaani walimwita Fundi Hewa, na jina hilo alilipata kwa haki. Mafundi wenzake wa mbao hutengeneza vitanda watu wakalala, na madawati watoto wakayachora majina yao. Yeye alijenga nyumba asizokaa mtu. Zilikuwa nyumba za televisheni, zenye kuta tatu tu, maana ukuta wa nne ungezuia kamera. Milango yake ilifunguka vizuri, kitasa kikazunguka kama cha kweli, lakini ukipita unakutana na nyaya, ngazi, na mtu anakula mkate amesimama. Madirisha yalitazama kitambaa kilichopakwa rangi ya anga. Alikuwa ametengeneza vitanda kwa miaka mingi kabla ya kuangukia kazi hiyo, na mpaka leo ilikuwa bado inamchanganya. Mara nyingi alijikuta anapiga randa upande wa nyuma wa ubao, ambao hakuna atakayeuona, na msimamizi akamkemea kwamba anachezea muda wa watu.

Kipindi kilichokuwa kinamlisha wakati huo kiliitwa Kiti cha Tano. Kilikuwa kichekesho cha familia, kila Jumamosi jioni, na watu wake ni baba mwenye kitambi, mama mwenye mdomo, watoto wao wawili watundu, na msichana mdogo waliyemchukua kituo cha watoto wakamfanya wao. Kila wiki huyo mdogo alielewa jambo kombo, nyumba nzima ikapinduka chini juu, watazamaji wakavunjika mbavu, na mwishoni mama mwenye mdomo akamkumbatia. Ni hayo tu, wiki nenda wiki rudi, na mtaa mzima ulikuwa haujambo kwa kukipenda.

Nyumbani kwa Fundi nako kulikuwa na msichana mdogo aliyetoka kituo cha watoto. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake. Walimchukua akiwa hajaanza kutembea sawasawa, mahakama ikapitisha, na sasa yuko darasa la pili, mrefu, mbishi, anayejua kudeka. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Afisa wa ustawi wa jamii aliwasisitizia kwamba mtoto aambiwe mapema na wazazi wake, asije akaambiwa na mtaa, nao waliitikia kwa vichwa kama wanafunzi wema. Kisha kila mmoja akamwachia mwenzake.

Mkewe Fundi alikuwa msusi. Alisukia hapo hapo barazani kwao, na hapakuwa na jambo la watu ambalo hakuwa na neno nalo. Kwa hili tu ulimi ulimwia mzito. Alimwambia mumewe aseme yeye kwa kuwa ndiye baba, mumewe akamrudishia kwamba yeye ndiye mama, na mambo yakalala. Walichokiogopa kilikuwa kimoja, ingawa hawakukitamka: kwamba siku mtoto akijua, atawatazama kama watu baki.

Ndipo Fundi alipopata wazo, na mtu asiyezoea kupata mawazo akipata moja humshika vibaya. Alijiambia kwamba televisheni inajua kusema kuliko yeye. Jumamosi moja mkewe alikuwa nje na kichwa cha bibi harusi mtarajiwa, na ndani Kidoti alikuwa kwenye mkeka anakicheka Kiti cha Tano mpaka anashika tumbo. Fundi akakohoa, akamwonyesha yule msichana wa kwenye kioo.

"Unamwona huyo? Na wewe ni kama huyo."

Kidoti aligeuka. "Kama huyo kabisa?"

"Kabisa."

"Na wewe ni kama huyo baba?"

"Ndiyo. Na mama yako ni kama huyo mama."

Mtoto alirudisha macho kwenye kioo. Hakucheka tena, lakini Fundi aliona hiyo ni dalili njema, kwamba maneno yameingia na yanatafuta pa kukaa. Alitoka barazani kifua mbele, akamnong'oneza mkewe kwamba kazi imekwisha. Mkewe aliacha kusuka, akauliza kama amelia. Akajibiwa hakulia hata kidogo. Wote wawili wakashusha pumzi na kushukuru, na bibi harusi mtarajiwa akalalamika kwamba shingo inamuuma.

Shule zilipofungwa, Kidoti aliomba apelekwe akaione nyumba ya yule msichana. Fundi alifurahi mno. Alimpitisha kila mahali: sebule aliyoijenga yeye, ngazi zinazoishia hewani, jiko lisilowaka. Kidoti aliweka mkono nyuma ya ukuta, akaupapasa. Aliuliza mbona nyuma hamna kitu, na baba yake akamjibu kwa fahari kwamba ndivyo zinavyojengwa.

Kisha wakarekodi. Mama mwenye mdomo alimkumbatia msichana, machozi yakimtiririka, akamwambia, "Mwanangu, hapa ndipo kwenu." Mwongozaji akasema kata, na mama akamwachia mtoto papo hapo, akauliza nani kachukua simu yake. Baba mwenye kitambi alichomoa mto tumboni, akabaki mwembamba kama ufito. Wale ndugu wawili watundu hawakuwa hata wanafahamiana vizuri. Nje getini mwanamke mwenye mwavuli alikuwa amesimama, na mlinzi akaita kuelekea ndani: "Mleteni mtoto, mwenyewe amefika." Msichana wa kipindi alitoka mbio, hakumuaga mtu.

Fundi wakati huo alikuwa ameinama anatafuta futi yake, kwa hiyo hakuona uso wa mwanawe. Njiani Kidoti alimuuliza kama yule wa mwavuli ndiye mama wa msichana. Akamjibu ndiye mwenyewe, yule mwingine ni wa kipindi tu. Jibu lilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye uchungu wake.

Tangu siku ile mtoto akawa wa ajabu. Alimaliza chakula bila kubembelezwa. Alisema "asante, mama" kwa sauti ya juu, akitazama dirishani, kisha akatulia kidogo kana kwamba anangoja kitu. Alisuguliwa mgongo bila kupiga kelele, akalala alipoambiwa alale, na ubishi wote ukamtoka. Majirani walimsifu, wakauliza wamempa nini. Wazazi wake hawakujua washike lipi waache lipi. Mkewe Fundi alidhani ni minyoo, akampa dawa. Kidoti aliinywa yote na kusema asante. Fundi alidhani ni ukubwa unaingia, halafu akadhani ni homa. Mwisho akamwomba mtoto afanye utundu kidogo tu, amwage hata maji, na Kidoti akamuuliza kwa adabu ayamwage wapi.

"Ulimwambiaje huyu mtoto?" mkewe alimuuliza.

"Nilimwambia vizuri."

"Vizuri vipi?"

Akaeleza, lakini alieleza kama anavyoeleza siku zote, akaanzia katikati na kuruka mwisho, na mkewe akatoka hapo na kichwa kinachomzunguka zaidi. Usiku alikaa macho. Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba lile waliloliogopa limetokea, kwamba mtoto amejua na amejitenga nao kwa heshima, jinsi mgeni anavyojitenga na wenyeji. Aliona bora angewatukana.

Basi ikatokea kipindi kikafika ukingoni. Fundi alirudi kazini amechoka, akala, akasema kwa kawaida tu, maana kwake lilikuwa jambo la mbao na misumari, kwamba Kiti cha Tano kimeisha na kesho wanaibomoa nyumba. Mkewe aliuliza kama kuna kazi nyingine. Akajibu ipo, wanataka ofisi ya daktari wa meno. Kidoti aliweka kijiko chini. Aliuliza nyumba yote, na baba yake akasema yote, hakibaki hata kibanzi.

Alasiri ya siku iliyofuata Fundi alirudi mapema akamkuta mtoto kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Alikuwa amevaa viatu vya shule na gauni la kutokea, na begi lake liko magotini, limefungwa. Barazani upande wa pili mama yake alikuwa anamsuka mteja na hakujua lolote.

"Unakwenda wapi?" Fundi aliuliza.

"Namsubiri mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Wangu. Si umesema kimeisha?"

Fundi alisimama hapo na mfuko wa vifaa begani. Alielewa kwamba kuna jambo kubwa mbele yake, lakini hakuona lilipoanzia. Akashika lile neno lililokuwa karibu zaidi.

"Wewe huna mwenyewe, mama," alimwambia kwa upole.

Mdomo wa Kidoti ulianza kutetemeka. "Sina? Yaani mimi si wa mtu?"

"Hapana, unaye. Mwenyewe unaye."

"Anakuja saa ngapi?"

Fundi akashusha mfuko wa vifaa chini. Akisema hayupo, mtoto anabaki kama mzigo uliosahaulika; akisema yupo, mtoto anafunga viatu vizuri zaidi. Alijaribu kusema kwamba lile ni neno tu, akasikia jinsi lilivyo la kijinga. Akaketi chini kando yake, akamwita mkewe kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

Mkewe alikuja na kitana mkononi. Nyuma yake akaja mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, maana hakuwa tayari kukosa uhondo. Mama aliliona begi, akaviona viatu, akaketi upande wa pili wa mtoto. Aliuliza maswali machache tu, Kidoti akayajibu kwa adabu ile ile ya kutisha. Alieleza kwamba baba alisema wao ni kama wale kabisa. Kwamba wale kipindi kikiisha wanaachana, na mtoto anachukuliwa na mwenyewe. Kwamba yeye alijitahidi kusema vizuri kila siku ili kisiishe upesi.

"Nilikuwa nakosea wapi?" aliuliza.

Mkewe Fundi alimtazama mumewe juu ya kichwa cha mtoto. Maneno yote aliyokuwa amemwekea, na yalikuwa mengi, yalimwishia, kwa sababu mumewe alikuwa analia bila kujificha.

"Hukukosea," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilisema kama huyo, na wewe si kama huyo. Wale wanaigiza."

"Na nyinyi?"

"Sisi hatujui kuigiza. Mwulize mama yako."

"Hajui," mama alithibitisha. "Hata uongo mdogo unamshinda."

Kidoti alifikiri. Aliuliza kama basi yeye hakutoka kituo cha watoto. Mama akavuta pumzi, akamwambia alitoka huko. Kuna mwanamke aliyemzaa, wao hawamjui, na hawajui kwa nini hakuweza kumlea. Aliyasema hayo waziwazi huku anamshika mkono, na sauti haikumwangusha. Mteja alianza kufuta macho kwa taulo la mabegani.

"Kwa hiyo yeye ndiye mwenyewe," Kidoti alisema. "Atakuja."

Fundi hakuwahi maishani mwake kuwa na jibu kwa wakati. Safari hii lilimjia, na hakulitafuta.

"Mwenyewe alishakuja," alisema. "Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Ulikuwa huko kituoni unasubiri, kama ulivyokaa hapa. Siku moja tukafika, mimi na huyu. Tuliokuwa tunasubiriwa ni sisi. Tukakuchukua, tukaja nawe nyumbani. Hakuna mwingine wa kusubiri, mama."

"Mlikuja na mwavuli?"

"Hatukuwa nao," mama alisema. "Tulilowa."

Mtoto alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kwa muda mrefu, jinsi watu wanavyokagua kitu ambacho huenda wakaishi nacho. Hakuna aliyeweza kusoma chochote usoni pake. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu, akavivua, akaviacha katikati ya njia kila kimoja na upande wake, akaingia ndani.

Walikaa pale pale wawili, hawajui kama limekwisha au ndiyo kwanza linaanza. Mkewe Fundi alitaka kuuliza. Badala yake, kwa mazoea, akaita kuelekea ndani kwamba viatu havikai njiani, aje aviondoe.

"Sitaki," Kidoti alijibu kutoka ndani.



"Unasemaje?" mama aliuliza, na sauti sasa ilikuwa inamkatika.

"Nimesema sitaki. Niko kwetu."

Mkewe Fundi alimgeukia mumewe, mkono wake umeziba mdomo. "Umesikia?" alimwambia. "Hataki."